Mlioko Oman, nje ya Maskati mmefika wapi? Tupeane uzoefu

Mwana_Ngamiani: Mwaka wa nne huu niko Maskati, na mitatu ya mwanzo sikujua kitu zaidi ya Ruwi, kazini na chumbani. Ijumaa nafua, nalala, nampigia mama. Juzi jirani kanibeba alfajiri hadi Nizwa, kuwahi mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka na mbuzi kwenye duara, wazee wamekaa pembeni na bakora zao. Mmoja anamshika mbuzi, anamfunua mdomo kutazama meno, anamwachia. Ile harufu ikanirudisha kwenye zizi la babu Handeni, machozi yakanilenga. Nani mwingine ametoka mjini? Leteni.

Kijana_wa_Kisauni: Wadi Shab, lile bonde la mto kati ya milima. Boti inakuvusha kwa riali moja, unatembea juu ya mawe weee, mwisho unaogelea hadi ndani ya pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea asifuate mkumbo.

Binti_Makunduchi: Mkitaja wadi mimi mwili unasisimka. Tulikuwa watano garini, tunatoka Ibra kwa shangazi. Juu yetu jua kali, ila kule milimani wingu jeusi. Tukafika barabara inapokatiza wadi, penye zile nguzo za kupimia maji. Maji ya kifundo cha mguu tu. Dereva akasema tunapita, sisi wanawake tunapiga kelele asipite. Mzee mmoja akaja mbio, kanzu kaishika mkononi, akapiga boneti kwa kiganja: "Rudi nyuma, mwanangu! Rudi!" Kiswahili cha Unguja kabisa. Dereva akarudi, kanuna. Hatujamaliza kugeuza, tukasikia mngurumo kama lori linamwaga kokoto. Maji yakaja rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mtende mzima na mizizi yake. Nguzo hatukuziona tena. Mzee akatuchukua kwake, kahawa na tende hadi usiku. Aliondoka Unguja mtoto, baada ya 1964. Akaniuliza kama mabungo bado yanauzwa Darajani. Nikashindwa kujibu kwa kulia.

Chumvi_ya_Pemba: Subhanallah.

Dereva_wa_Masafa: Dada, pole, lakini maji ya kifundo gari kubwa inapita. Mimi nimepita mara nyingi.

Kijana_wa_Kisauni: Mkuu, usiwafundishe watu kufa. Mvua inanyesha mlimani, wewe uko kwenye jua hujui kitu, maji yanakukuta katikati. Ukiona yanatembea, simama.

Dereva_wa_Masafa: Nimesema GARI KUBWA.

Mama_Junior: Nyie mna magari. Sisi wa majumbani Ijumaa ndiyo wageni wanajaa, sufuria ya wali haishuki. Miaka miwili niko Seeb, bahari nimeiona kupitia dirisha la gari ya bosi.

Chumvi_ya_Pemba: Omba siku moja tu, dada. Mwambie mama wa nyumba akiwa peke yake.

Mama_Junior: Nimeomba mara tatu.

Mwana_Ngamiani: Usichoke kuomba. Siku wakikubali andika hapa, tutakufuata, tuna nafasi garini.

Mtoto_wa_Muheza: Mwezi wa saba nendeni Salalah. Kilomita elfu moja hivi, lakini Maskati inaungua na kule ni manyunyu, ukungu, milima ya kijani. Madafu na ndizi zinauzwa barabarani! Nilishuka kwenye basi nikashika mgomba kwa mkono.

Dereva_wa_Masafa: Mlima wa Jabal Akhdar je? Polisi pale chini hawapitishi gari isiyo *four-wheel*. Bebeni sweta, mita 2,000 ile.

Kijana_wa_Kisauni: Sweta mwezi wa nne, msimu wa mawaridi kule? Mimi nilivaa fulana tu.

Dereva_wa_Masafa: Usiku ulilala kule?

Kijana_wa_Kisauni: Hapana.

Mama_Junior: Binti Makunduchi, yule mzee yupo bado?

Binti_Makunduchi: Yupo. Nilipotoka likizo nilimpelekea mabungo manne. Hakula siku ile. Aliyapanga dirishani, akawa anaita wajukuu mmoja mmoja waje wanuse.