Kimondo cheusi cha Antaktika: CM2 au CO3?

Maalim_Tunguu: Assalamu alaikum. Natayarisha zoezi la skuli la kuainisha vimondo. Jiwe la mfano limeokotwa kwenye barafu ya buluu Antaktika: ganda jeusi lililopasuka-pasuka, chumvi nyeupe juu yake, ndani jeusi kama makaa lenye kondruli ndogo (punje za mviringo). Wanafunzi waandike CM2 au CO3 (herufi ni kundi la vimondo vyenye kaboni, namba ni kiwango cha kubadilika)? Na "Be" kwenye daraja la kuchakaa inasomwaje?

Jiwe_Micheweni: Waalaikum salaam maalim. Rangi haitakusaidia, pima kondruli. Za CO zina wastani wa mm 0.15 na zimesongamana, karibu nusu ya jiwe. Za CM ni mm 0.3 hivi, zimekaa mbalimbali, na matriksi (unga laini ulio kati ya kondruli) inachukua kama asilimia 70. Kisha tazama madini: ukikuta serpentini (madini yanayotokana na maji) imejaa na chuma halisi karibu hakuna, maji yalishapita humo, basi ni CM2. "B" ni kutu ya wastani; "e" ni hizo chumvi zinazoonekana kwa macho. Zimeota hapa duniani, kwa hiyo wasiziorodheshe na madini ya asili. Hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Bint_Mkoani: Naongeza la namba, maana wanafunzi hudhani 1 ndiyo safi kabisa. Sivyo. Iliyobadilika kidogo zaidi ni 3. Kushuka kwenda 1 ni kazi ya maji, kupanda kwenda 6 ni kazi ya joto. Mfano wa CI1, kundi jingine lenye kaboni, ulianguka hapa nchini: Ivuna, kilichoanguka Tanganyika Desemba 1938, na hiyo "I" ni yake. Kondruli hakina, ila bado kinaitwa kondraiti (jina la vimondo vya mawe vyenye kondruli) kwa sababu kemia yake inakaribiana mno na ya Jua.

Maalim_Tunguu: Ahsanteni. Na kipande chembamba cha hadubini kinatayarishwaje?

Jiwe_Micheweni: Usikate kwa maji: chumvi zinayeyuka, udongo unavimba, jiwe linamomonyoka. Linyweshwe epoksi (gundi inayoganda) kwanza, lisagwe kwa kilainishi kisicho na maji hadi unene wa mm 0.03. Hata hapo matriksi itabaki kiza tupu kwa mwanga wa kupenya. Tumia wa kuakisiwa. Sumaku kali isiguse, inafuta usumaku wa kale. Na kwa unyevu wetu huu wa Unguja, kipande kikae kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na silika jeli.