Tupeane uzoefu: betri ya pili kwenye gari la kampingi, tuliopo Mbeya, Iringa, Njombe na Makete

Kamwene wakuu, na wale wa Tukuyu ugonile.

Naona siku hizi watu wa huku tunalala sana porini. Zamani ukiona gari lina tenti juu ujue ni mzungu, sasa hivi panda Kitulo msimu wa maua utakuta familia za Uyole na Makambako wamepaki, nyama inachomwa, friji inaunguruma na taa zimening'inia mpaka kwenye mti. Sasa umeme wa vyote hivyo unatoka wapi? Wengi bado wanachomeka kwenye betri hiyohiyo ya kuwashia gari, asubuhi ni kusukumana. Na kule juu ni kama mita 2,600, Juni na Julai nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu, haya msukume gari la automatiki pale tuone.

Aliyefunga betri ya pili aseme kafunga ipi, kaiweka wapi, inachajiwa vipi na imemtendea nini. Bei tuachane nazo, kila duka na lake.

Naanza mimi. Nina Prado ya dizeli, ya zamani. Nyuma ya siti nimeweka AGM, ile betri ya asidi iliyofungwa isiyomwagika, ya ampea-saa 100 (ndo ujazo wake wa umeme), ndani ya boksi la mbao lililofungwa boliti kwenye bodi, mana betri ya kilo karibu thelathini ikiruka kwenye kona za Chimala kupanda Matamba inaweza kukuua kabla hata hujafika kampini. Katikati kuna rilei inayosoma volti, ile wanaita VSR. Gari ikiwaka volti zikafika kama 13.3 inaunganisha betri mbili, ukizima gari zikashuka 12.8 inatenganisha yenyewe. Friji, taa, chaji za simu, vyote viko betri ya nyuma, ya mbele haiguswi na kitu. Kwa dizeli za zamani hii ndo kila kitu, asubuhi ya baridi hita za kupasha injini zinakunywa umeme kwanza, halafu stata inazungusha injini yenye oili nzito, na betri yenyewe kwa baridi ile haitoi nguvu yake yote. Kama usiku kucha imelisha friji hapo umekwisha.

Kuna wanaouliza si ununue tu betri moja kubwa. Kubwa moja ikiisha imeisha yote jamani. Karibuni.

Mkonga wa Ipogolo

Asante mleta mada. Mimi dereva, napeleka wageni Ruaha kutokea Iringa. Nyie wa Kitulo mnalia baridi, sisi shida yetu ni joto. Friji ileile ambayo huko juu kompresa inawaka kwa msimu, ukishuka nayo Tungamalenga ukaingia hifadhini mwezi wa kumi inawaka karibu kutwa nzima, na mgeni anafungua mlango kila saa anataka maji ya baridi. Piga hesabu, friji ya wati 45 ikiwaka inavuta karibu ampea 4, ikifanya kazi masaa 12 tu kwa siku ushakula kama ampea-saa 45, bado taa, bado kamera za wageni, bado simu ya dereva hahaha. Na betri ya asidi, iwe ya maji au AGM, ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu. Maana yake ile ya 100 una siku moja ya kupaki bila kuwasha gari, basi. Kwa hiyo pigeni hesabu kwa sehemu yenye joto kuliko zote mtakayoenda, sio kwa hali ya hewa ya nyumbani.

Kingine, betri ya pili chini ya boneti siipendi. Mkonga zetu, yaani Land Cruiser, zina nafasi pale mbele kweli na kila fundi anapakimbilia kwa sababu waya unakuwa mfupi, lakini joto la injini jumlisha na la Ruaha, ya kwanza ya bosi ilivimba mbavu. Tukahamia nyuma, mpaka leo iko poa.

Na nyie mnaowasha gari kampini likiwa sailensa, yaani limesimama linaunguruma tu, ili mchaji betri, acheni. Oltaneta, ile inayotengeneza umeme injini ikizunguka, kwenye sailensa haitoi nguvu yake, unachoma dizeli, unakera majirani na tembo waliokuwa wanasogea wanageuza. Mzunguko wa asubuhi wa masaa matatu unachaji kuliko hiyo kelele. Japo nao haujazi mpaka juu, betri ya asidi ile robo ya mwisho inaingia kwa kujivuta, hapo labda sola ndo inamalizia.

Fundi Waya

Mimi fundi umeme wa magari, niko Mwanjelwa. Niwaambie ukweli, zinazoletwa kwangu zikiitwa betri feki, nyingi ni wazima. Ugonjwa uko kwenye waya.

Juzi kaja jamaa na Hilux, betri ya pili haijai, kakasirika anataka airudishe dukani. Nikamwambia washa gari. Mita nikaiweka betri ya mbele, 14.2. Nikazunguka nyuma kwenye betri ya pili, friji iko on, 13.4. Hizo 0.8 ziko wapi? Nikafunua zulia nikaufuata waya kwa mkono kuanzia mlango wa dereva mpaka nyuma, mwembamba, ni wa milimita za mraba 6, nikaukwangua kwa kisu ndani mweupe. Aluminiamu imepakwa shaba kwa juu! Aliyemfungia alimwambia ni shaba tupu. Betri ikipata volti hizo inajaa kwa kubembelezwa, mtu anaendesha Mbeya mpaka Iringa anafika bado iko nusu.

Hata ingekuwa shaba halisi, waya wa 6 kwa mita tano kwenda na tano kurudi, ukipitisha ampea 25 unapoteza karibu volti 0.7. Ukiweka wa 25 unapoteza chini ya 0.2. Nilimbadilishia waya tu, betri ileile mpaka leo anatembea nayo, na dukani hakwenda.

Fyuzi nayo. Watu wanaweka moja, karibu na betri ya mbele, wanaona wamemaliza. Waya unaounganisha betri mbili una umeme unaoingia pande zote mbili. Ukichubuka katikati ukagusa bodi, ya mbele fyuzi itakata lakini ya nyuma inamwaga umeme wake wote hapohapo na gari linawaka mkiwa ndani ya tenti juu. Fyuzi mbili, kila moja karibu kabisa na temino ya betri yake. Waya unapotoboa ukuta wa injini weka mpira, lagi zibanwe na mashine ya kubania sio nyundo, na pale ethi, waya wa hasi, inapofungwa kwenye bodi ukwangue rangi mpaka chuma king'ae. Kazi yenyewe ndo hiyo, betri ni kununua tu.

Mzee wa Kihesa

Mimi sina rilei. Nina swichi ya mkono, ile nyekundu ya kugeuza. Nikifika kampini nakata, nikiwasha gari kuondoka naunganisha. VSR yangu ni mke wangu, ndiye anayenikumbusha.

Fundi Waya

Mzee shikamoo. Siku mama akibaki nyumbani nipigie hahaha

Dada wa Makete

Nimesoma wote mnasema AGM AGM, mimi niko lithiamu, ile LiFePO4. Nilichoka kubeba chuma. Ya 100 ina kilo kama kumi na kidogo, naibeba mwenyewe bila kuita kijana, na natumia asilimia 80 ya umeme wake bila wasiwasi, kwa hiyo friji inaenda siku ya pili.

Lakini kwa sisi wa baridi kuna jambo wauzaji wa Dar hawalisemi, kwao halipo. Lithiamu hairuhusiwi kuchajiwa ikiwa chini ya sifuri. Kutoa umeme inatoa, kupokea ndo hapana, inaharibika ndani moja kwa moja. Yangu ina ulinzi wake, asubuhi moja pale Kitulo nimewasha gari naona chaji haingii kabisa, nikajua tayari imekufa, kumbe ilikuwa kwenye boksi la alumini nje ya bodi na imelala kwenye barafu usiku kucha. Jua lilipopanda ikaanza kupokea yenyewe. Siku hizi inalala ndani ya gari, miguuni pa siti ya mbele, na kama yako haina ulinzi huo usithubutu kuchaji alfajiri.

Na lithiamu usiiunge na rilei tu kama AGM. Inavuta umeme mwingi kwa pupa, oltaneta inachemka. Mimi nimeweka chaja ya DC-DC ya ampea 30 inayopima kiasi cha kupita. Hata wenye magari mapya ambayo oltaneta yake inashusha volti ili kubana mafuta mtaihitaji hiyo, rilei itawachanganya tu, mara imeunga mara imeachia.

Jirani wa Tandala

Kampingi sijawahi na sina mpango, usiku nalala kwangu. Ila betri ya pili ninayo na imenipa cheo ukoo mzima. Huku kwetu msiba ukitokea kijiji ambacho umeme unakatika ovyo wananipigia mimi kabla ya mchungaji. Nafika napaki, navuta waya, taa nne za LED uwanjani, spika ndogo ya kwaya, na simu za wafiwa zinachaji kwenye ekstensheni. LED nne za wati 10 ni kama ampea 3 na nusu tu, kunakucha bado ipo. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ndo mla rushwa, mwaka jana shemeji alileta birika la umeme la wati 1,500 eti achemshe chai ya waombolezaji, hiyo ni zaidi ya ampea 120 kutoka betri ya volti 12! Nilichomoa mwenyewe. Kuni zipo.

Mnyasa

Matema hapa. Sola jamani. Ukikaa ufukweni siku nzima gari halitembei, rilei itakusaidia nini? Paneli ya wati 100 jua la saa sita inakupa ampea 5 mpaka 6, friji inakula inabaki. Ila msifunge juu ya kerea halafu mkapaki chini ya mwembe, kivuli cha tawi moja kinashusha paneli nzima. Mimi nina ya kukunja na waya mrefu, gari liko kivulini, paneli iko mchangani. Shida watoto wanairukia.

Kijana wa Soweto

Samahani wakubwa, kwani si mnunue tu yale masanduku ya umeme yenye betri na inveta humohumo, unachaji nyumbani unaondoka? Mambo ya kutoboa gari ya nini.

Mkonga wa Ipogolo

Dogo ukilala usiku mmoja uko sahihi kabisa, nunua sanduku. Ukilala Ruaha wiki, nyingi zikichomekwa tundu la sigara zinachaji polepole, unarudi na nyama imeoza. Inategemea safari zako.

Mama Wawili

Swali kwa Fundi Waya. Tuna Noah, mume wangu anataka kuweka betri ya kawaida ya maji nyuma ya siti ya watoto, anasema ipo tu nyumbani haina kazi. Nasikia harufu yake mbaya, ni kweli?

Fundi Waya

Mama hapana. Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, inalipuka, na asidi ikimwagika watoto wako hapo. Ndani ya gari ni AGM au lithiamu. Halafu hiyo ya kawaida imetengenezwa kupiga stata sekunde chache, ukiifanyisha kazi ya friji usiku kucha inakufa mapema. Mwambie shemeji aiuze, aongezee, aje Mwanjelwa nimpimie urefu wa waya wa Noah bure kabla hajanunua chochote.

Mama Wawili

Anasema atakuja Jumamosi lakini na betri yake.