Kutoka kaseti hadi simu: ni nani anayetuchagulia tunachosikia?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum. Naomba maoni ya wenzangu kuhusu jambo linalonishughulisha tangu uchaguzi wa 2022. Zamani taarifa ya habari ya saa moja jioni iliposikilizwa barazani kwa redio moja, watu waliopingana kisiasa walikuwa wamesikia maneno yale yale, na ubishi wao ulianzia mahali pamoja. Siku hizi vijana huketi baraza moja, kila mmoja ameinamia simu yake: huyu anatazama mabao, yule mawaidha, na mwingine kichekesho ambacho ndani yake kumepachikwa wito wa kumpigia mtu kura. Niliwasikia wakigombana juu ya hotuba ya mgombea mmoja, na walipoonyeshana simu ikabainika kwamba mmoja aliona mgombea akiahidi gati na mwenzake aliona akiwakejeli wapinzani, ilhali hotuba ni moja na hakuna aliyeisikia hadi mwisho. Je, ni chombo chenyewe kinachoigeuza siasa kuwa burudani, au sisi wasikilizaji ndio tuliobadilika?

Mwalimu mstaafu, Mkomani

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kwetu siasa na burudani hazijapata kutengana. Mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Shela kati ya Lamu na Mombasa, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, na watu waliyafurahia kama sanaa huku wakiyapima kama siasa. Katikati ya miaka ya 1970, katika kinyang'anyiro cha ubunge cha Lamu Mashariki, yakaja mashairi ya Kimwondo, ambayo pande zote mbili ziliyasambaza kwa kaseti.

Kaseti ilileta nguvu mpya. Redio ya nchi wakati huo ilikuwa Sauti ya Kenya, mali ya serikali, lakini kaseti ilinakiliwa nyumbani na kusafiri kwa mashua hadi Faza, Siyu na Kizingitini kisiwani Pate, bila ya kupita mbele ya mhariri wala afisa yeyote. Wairani walifanya vivyo hivyo kwa hotuba za Khomeini, kiongozi wao wa dini aliyekuwa uhamishoni, kabla ya mapinduzi ya 1979. Hata hivyo, shairi lilikuwa na kinga ambayo video fupi haina. Ukilikata beti mbili, mwenye sikio atajua kwamba pana pengo, na aliyetaka kujibu ilimpasa afuate bahari, yaani mtindo wa shairi, na vina vya mwenzake, jambo lisilowezekana bila ya kumsikiliza kwa ukamilifu. Mpinzani alilazimika kuwa msikilizaji makini kuliko hata shabiki. Hilo ndilo ninalolililia, wala si kaseti.

Mpiga picha wa Maweni, Malindi

Shikamoo Mwalimu. Mimi huwatengenezea watu video, za arusi na za kampeni pia, kwa hiyo nitaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa ndani. Programu ya video fupi hupima mtazamaji amekaa sekunde ngapi kabla ya kupitisha, kama amerudia kutazama, na kama amemtumia mwenzake, kisha huamua imwonyeshe nani mwingine. Mgombea anapoleta hotuba, kazi yangu huwa ni kutafuta sekunde chache zenye hasira au kicheko, kwa kuwa maelezo ya bajeti hupitishwa mara moja. Zamani ngoma ya mwanzele ilipigwa ili watu wakusanyike uwanjani, na waliokuja kwa ajili ya ngoma walibaki kwa hotuba. Sasa ngoma na hotuba vimetenganishwa, na ngoma ndiyo inayosafiri.

Hata hivyo, tusikilaumu chombo kwa kila kitu. Mwezi wa Juni 2024 vijana walitumia video hizo hizo kuuchambua Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kifungu kwa kifungu, kwa lugha ambazo bibi zao wanazielewa. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Hakuna kaseti iliyokuwa na kasi hiyo.

Binti wa Shela

Kwa heshima zote, kaka yangu wa Langoni, hiyo hadhira moja unayoikumbuka ilikuwa ya wanaume. Sisi hatukuketi barazani. Tulisikia habari baada ya nyinyi kurudi nyumbani na kutueleza mlichotaka kutueleza. Kaseti ndiyo iliyoingia jikoni, na sasa simu. Katika kikundi chetu cha WhatsApp wanawake hurekodi sauti kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na hata asiyejua kuandika humuuliza mwakilishi wa wadi kwa nini maji hayajatoka.

Ninachokichelea ni sauti zisizo na mwenyewe. Wakati wa kampeni ilizunguka moja iliyodai kwamba kituo chetu cha kupigia kura kimehamishwa. Mama mmoja akauliza: nani amesema, na lini? Hakuna aliyeweza kumjibu, naye akaenda kuhakikisha kwa miguu yake. Kituo kilikuwa pale pale.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Ahsante, dada. Lakini kikundi chenu kinanipa hoja: nyote mlisikia sauti ile ile, ndiyo maana swali la mama mmoja liliwafaa wote. Vijana wangu wa barazani hawakuwa na cha kuulizana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hotuba yake. Ndugu wa Maweni, hotuba ya dakika arobaini ikiwekwa nzima, programu itamwonyesha nani?

Mpiga picha wa Maweni, Malindi

Wachache mno, na wengi wao wataipitisha. Kwa hiyo hotuba nzima mimi huitoa picha, nikaituma kama sauti tupu kwenye vikundi, na mwanzoni nikataja jina la msemaji, mahali na tarehe. Sauti haili bando kama video, na mtu huisikiliza huku akiparua samaki au akishona nyavu. Wagombea hawanilipi kwa hilo. Wao hulipia zile sekunde chache.