Kimulimuli kimepotea juu ya pinbali ya High Speed: nitafute cha asili, niweke cha gari, au LED?

mpira_wa_chuma
Wakuu, habari zenu. Nimepata mashine ya pinbali (ule mchezo wa kupigapiga mpira wa chuma ndani ya kabati la kioo) iitwayo High Speed, ya kampuni ya Williams, ile ya 1986 aliyoibuni Steve Ritchie. Inawaka, inacheza, sauti iko safi. Tatizo liko juu ya sanduku la nyuma, pale panapokaa kimulimuli chekundu cha polisi. Pamebaki matundu ya skrubu na waya mbili zilizokatwa, zimezungushiwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeshayeyuka na kunatanata kila mahali.

Waliowahi kucheza wanajua pengo lake. Unabadilisha taa za barabarani hadi zifike nyekundu, unapita kwenye nyekundu kwa makusudi, polisi wanaanza kukufukuza, na hapo ndipo kile kidude kinapozunguka na kupaka chumba kizima rangi nyekundu. Sasa hivi nafukuzwa na king'ora kitupu.

Naona njia tatu: kutafuta cha asili kilichotumika au nakala yake iliyotengenezwa upya, kuweka cha gari cha volti 12 kama vile vya magari ya kuvuta, au cha LED. Nishaurini. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_flipa
Cha asili, mkuu. Huo mchezo Ritchie aliutoa kwenye kisa chake mwenyewe cha kufukuzwa na polisi California kwa mwendo kasi, kwa hiyo kimulimuli hakikuwekwa pale kama pambo. Na usishangae kukikosa. Vingi viling'olewa wakati wa kuhamisha mashine kwa sababu ndicho kinachokwama kwenye fremu ya mlango, kikawekwa kando na hakikurudi tena. Ndiyo maana vinapatikana vikiwa peke yake, bila mashine.

Ukikipata, angalia mambo mawili tu. La kwanza ni kifuniko: plastiki nyekundu iliyokaa juani hugeuka waridi na huwezi kuirudisha. La pili ni mota. Izungushe kwa kidole. Ikiwa nzito, mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda kwenye gia, na hiyo inasafishika.

mwanga_tu
Mzee, kwa mtindo huo kijana atasubiri mpaka na yeye aitwe mzee. Weka LED. Haina mota, haina joto, inakula umeme kidogo sana, na ukiiona ukiwa mbali hutajua tofauti.

mzee_wa_flipa
Ukiwa mbali kiasi gani? Kimulimuli halisi, balbu yake inawaka muda wote bila kukatika. Kinachozunguka ni kioo cha kuakisi kilichopo kando yake, ndiyo maana mwanga unafagia ukutani kama fagio. LED nyingi zinawasha taa moja baada ya nyingine kwa duara, kwa hiyo ukutani unaona mwanga unarukaruka. Mashine ikiwa imeegemea ukuta, na nyingi ndivyo zinavyokaa, nusu ya raha yote iko pale ukutani.

bi_lehemu
Mnabishana kuhusu rangi ya gari ambalo bado hatujajua linatumia mafuta gani. @mpira_wa_chuma, umepima waya hizo? Ni DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) au AC (wa kugeukageuka, kama wa ukutani)? Volti ngapi? Bila majibu hayo, njia zote tatu ni kubahatisha.

Pima hivi. Zima mashine, chomoa plagi, fungua tepu, tenganisha ncha za waya zisigusane. Washa, ingia kwenye majaribio ya ndani kwa vitufe vya mlango wa sarafu, tafuta jaribio linaloendesha kimulimuli, kisha weka mita. Fahamu kwamba umeme ambao haujadhibitiwa hupanda ukipimwa bila mzigo, yaani bila kifaa kinachoutumia, kwa hiyo namba ya kwenye mita itazidi ile iliyoandikwa kwenye mchoro. Amini mchoro wa kitabu cha mashine hiyo hiyo. Usikope namba za mashine ya jirani, hata kama nayo ni Williams ya miaka hiyo.

Ukiwa umefungua sanduku la nyuma, weka mikono mbali na bodi ya maandishi. Mashine za System 11 (mfumo wa bodi za umeme wa Williams), na High Speed ndiyo iliyofungua ukurasa huo, zinapeleka karibu volti 100 chanya na 100 hasi kwenye vioo vile vya kuonyesha pointi kwa maandishi ya rangi ya chungwa. Hizo hazitanii.

mpira_wa_chuma
Asante dada. Nimepima: ni DC, na imepita 12 kwa mbali hata nikiondoa hiyo ziada ya kukosa mzigo. Jaribio likizimwa, mita inarudi sifuri, kwa hiyo nadhani upande wa bodi ni mzima. Je, siwezi kuweka kimulimuli cha gari na rezista ya kupunguza?

bi_lehemu
Kurudi sifuri ni dalili njema. Transista, ile swichi ndogo ya bodi inayowasha kimulimuli, ikiwa imekufa kwa kushoti ingeacha umeme upite muda wote.

Ila rezista achana nayo. Tuchukue mfano. Balbu ya gari namba 1156 inatumia volti 12.8 na ampea 2.1, yaani wati 27 hivi. Umeme ukiwa volti 25, rezista italazimika kubeba zile volti 12 zinazobaki kwa ampea zile zile 2.1. Hiyo ni karibu wati 26 za joto tupu, muda wote kimulimuli kinapowaka, ndani ya sanduku la mbao lenye vumbi la miaka. Na hapo bado hujaihesabu mota, ambayo mzigo wake haueleweki: ikianza kuzunguka inavuta zaidi, ikishika kasi inapunguza, na volti za balbu zinapanda na kushuka nayo.

Kuiunganisha moja kwa moja bila rezista ndiyo usijaribu kabisa. Balbu itakufa, mota itapiga kelele kisha itafuata.

koili_moto
Naunga mkono. Kuna mashine iliwahi kuletwa kwangu ikiwa imefungwa cha gari hivyo hivyo, na fyuzi ilipokuwa inakatika aliyeifunga aliongeza ukubwa wa fyuzi. Fyuzi kweli haikukatika tena. Kilichokatika ni njia ya shaba kwenye bodi, ilinyanyuka kama gamba. Fyuzi inabaki saizi ileile iliyoandikwa, hilo halina mjadala.

mwanga_tu
Ndiyo maana nikasema LED! Mzigo mdogo, hakuna wati 26.

bi_lehemu
Kwenye mzigo uko sahihi kabisa, na kama mashine ina bodi iliyochoka, LED ni ya kwanza kwangu pia. Ila chagua ya volti zinazolingana na mashine, si ya volti 12 tu kwa sababu ndiyo iliyopo. Pia angalia kama inafifia vizuri ikizimwa. Kwenye mashine za zamani kuna umeme mdogo unaovuja kwenye baadhi ya mistari. Balbu ya waya haiuoni, lakini LED inabaki inang'aa kidogo hata pale isipotakiwa.

Kwa kimulimuli cha gari, njia safi ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili yake. Zile waya mbili za zamani zinakwenda kwenye koili ya rilei yenye volti za mashine yako. Kwenye koili weka dayodi (kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4004, mstari wake ukielekea chanya, ili ule mshtuko wa koili inapozimwa usirudi kwenye transista. Swichi ya rilei inawasha kimulimuli kwa adapta yake ya volti 12 ya pembeni, yenye fyuzi yake. Mifumo miwili isigusane popote, hata waya hasi. Mashine inatoa amri tu, nguvu inatoka kwingine.

Uzuri mwingine ni kwamba hujakata kitu. Weka konekta kwenye zile waya, na siku cha asili kikipatikana unachomoa rilei, unachomeka chenyewe.

mpira_wa_chuma
Nimeelewa sasa. Kwa hiyo cha gari chenye kioo cha kuzunguka, kwa rilei, huku naendelea kuwinda cha asili. Kuna mtu pia kaniambia nichapishe kifuniko kwa printa ya 3D ili kifanane na cha mwanzo. Vipi hapo?

koili_moto
Inategemea plastiki. PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa za 3D, inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na balbu ya waya chini ya kifuniko kilichofungwa inafika huko bila jasho. Utaamka umekuta kofia imeinama. Halafu vifuniko halisi vina mifereji upande wa ndani inayosambaza mwanga. Vingi vya kuchapishwa vina mistari ya printa tu, mwanga unatoka wa ukungu. Kwa LED sawa, kwa balbu hapana.

Ukipata kifuniko kilichotumika, kioshe kwa maji ya sabuni. Spiriti na petroli zinakipasua akriliki nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni mpaka taa iwake.

mpira_wa_chuma
Swali la mwisho. Adapta niitolee wapi umeme? Ndani ya kabati nimeona soketi.

bi_lehemu
Hiyo ni soketi ya huduma. Kwenye mashine nyingi inabaki na umeme hata ukizima swichi, mradi plagi iko ukutani. Adapta itakuwa hai muda wote ila kimulimuli hakitawaka bila rilei, kwa hiyo haina shida. Bandika tu karatasi hapo, ili fundi ajaye asidhani kuzima swichi kumemaliza kila kitu.

mzee_wa_flipa
Na usitoboe matundu mapya juu ya sanduku! Kitako cha kimulimuli cha gari hakitalingana na matundu yaliyopo. Kata kipande cha plaiwudi, kipake rangi nyeusi, kifunge kwenye matundu ya zamani, halafu kimulimuli ukifunge kwenye plaiwudi. Weka raba nyembamba katikati, la sivyo mota itatetemesha kioo cha mbele na utatafuta hiyo kelele hadi kwenye spika.

mwanga_tu
Tuwekee video kikishaanza kuzunguka. Nataka kuona huo ukuta.