Remiksi ya wimbo wa zamani wa dansi: sauti imekuwa ya bati, kinanda kinapishana, kiki inapotea ukumbini

Mchanga_wa_Mikindani

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaozijua kazi za kugeuza nyimbo za zamani ziwe za kuchezeka.

Wimbo ni wa bendi ya dansi, rekodi ya miaka ya 1970. Beti zinakwenda mapigo 104 kwa dakika, ukifika kwenye chemko (sehemu ya mwisho ya kuchezea) unakuwa 112. Unatakiwa upigwe kwenye harusi na sherehe za jando na unyago hapa Mtwara, kwa hiyo wazee waujue na vijana wauchezee. Sauti ya mwimbaji nimeitoa kwa programu ya kutenganisha, nikaipandisha hadi 124 na kuweka kiki (ngoma nzito ya chini) nne kwa kila baa (fungu la mapigo manne).

Sasa sauti inasikika kama mtu anayeimbia ndani ya debe. Kinanda nilichoongeza kinapishana nayo ingawa vyote viko kii (ngazi ya noti) ya D. Kiki inapiga vizuri kwenye hedfoni, lakini ukumbini inageuka mvumo tu. Natumia FL Studio (programu ya kutengeneza muziki), laptopu ya RAM 8, spika za studio sina. Je, niendelee na sauti ya asili au nitafute mwimbaji arudie? Na ruhusa inaombwa wapi?

Fundi_Ligula

Mkuu, anza na hiyo 124, maana ndiyo mama wa matatizo. Kutoka 104 hadi 124 umeukimbiza wimbo kwa asilimia 19. Programu inapoikimbiza sauti bila kubadili pichi (urefu wa noti, juu au chini) huikata vipande vidogo sana na kuviunganisha upya. Kwenye sauti safi unaweza usigundue. Kwenye sauti iliyotenganishwa, ambayo tayari ina matobo pale magitaa yalipong'olewa, yale matobo yanatetemeka, na "s" na "sh" zinakuwa za bati. Usivuke asilimia 10 kwa sauti ya aina hiyo.

Kuna la pili ambalo ni zito zaidi: maneno yanakosa pumzi. Waimbaji wa dansi huvuta irabu za mwisho wa mstari na kuchelewa kidogo nyuma ya pigo, na utamu wote umekaa hapo. Ukiwakimbiza hivyo wanakuwa kama wanaosoma risala. Sikiliza Jonas Blue alivyofanya mwaka 2015 kwa Fast Car ya Tracy Chapman ya 1988. Wimbo wa kwanza uko kama 104, wake uko kama 114. Kapandisha chini ya asilimia 10 tu, na hakutumia sauti ya zamani, alimwimbisha Dakota upya. Kasi ilipanda kidogo, uchezaji ukabadilika kabisa, kwa sababu kilichobadilika hasa ni ngoma na besi.

Wimbo wako una bahati ambayo nyimbo za ng'ambo nyingi hazina: sehemu ya kuchezea imo ndani tayari. Chemko iko 112, na 112 ni kasi ya amapiano (muziki wa dansi wa Afrika Kusini), ambayo hukaa kati ya 110 na 115. Weka mradi mzima 112. Beti zitapanda asilimia 8 hivi, chemko haiguswi. Usitunge kilele kipya cha kuigiza. Pale unapotaka ukumbi ulipuke, rudisha gitaa la solo la chemko lenyewe. Wazee watalitambua kwa noti tatu za kwanza, na vijana watakuwa wameshaandaliwa na besi.

Kabla ya hapo, tandika wimbo kwenye gridi, ile mistari ya mapigo kwenye programu. Bendi ile haikupiga kwa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), kwa hiyo kasi inapanda na kushuka. Tafuta pigo la kwanza la baa, weka alama, kisha weka nyingine kila baada ya baa nne. Usiweke kila pigo! Ukinyoosha kila pigo unaua mwendo wa tumba, na kila kitu kitasikika kigumu kama mlio wa simu. Ikiwa ndani ya baa nne sauti inateleza zaidi ya milisekunde 30 hivi, ongeza alama kwenye baa ya pili ya fungu hilo tu.

Kinanda kupishana: kii ni D kweli, lakini D ya nani? Magitaa yalitiuniwa kwa sikio, na mashine za tepu haziendi kasi moja, kwa hiyo rekodi ya zamani mara nyingi hukaa katikati ya noti mbili. Chukua sehemu ambayo mwimbaji anavuta noti ndefu, piga noti hiyohiyo kwa sauti nyororo isiyo na mawimbi ya ziada, usikilize. Kama mnapishana, utasikia mtetemo. Kwenye A ya 220 Hz (mawimbi kwa sekunde), tofauti ya senti 35 (senti moja ni sehemu ya mia ya nusu toni) inatoa mtetemo wa mara nne na nusu hivi kwa sekunde. Geuza pichi ya kinanda polepole mpaka mtetemo utulie. Geuza vyombo vipya, rekodi ya zamani iache ilivyo, maana kila ukiigusa unaipunguzia uhai.

Binti_Mtanda

Naongezea kwenye kiki, maana kumbi zetu huku Lindi na Mtwara zinafanana: bati juu, vigae chini, kuta tupu. Mvumo wa chini ukishatoka haufi haraka.

Kwa kasi ya 112 pigo moja lina milisekunde 536. Kiki yenye mkia wa milisekunde 400, ukijumlisha mwangwi wa ukumbi, inaikuta inayofuata bado haijanyamaza. Kata mkia ubaki milisekunde 150 hadi 200. Hedfoni haikuonyeshi tatizo hili kwa sababu haina ukumbi ndani yake.

Halafu noti. D ya chini kabisa ya besi ni 36.7 Hz. Sabufa nyingi za kukodi zinaanza kulegea chini ya 40 au 45, kwa hiyo amplifaya inachoka kwa sauti ambayo hakuna anayeisikia. Panda oktava moja, D ya 73.4 Hz, besi ikae hapo. Kiki ipe nafasi yake chini, kati ya 50 na 60. A ya 55 Hz inafaa sana, kwa kuwa ni noti ya tano ya D na haitagombana. Chini ya 30 Hz kata vyote kwenye mstari wa mwisho.

Kiki pia inahitaji mdomo. Ongeza desibeli 2 au 3 kwenye eneo la 3 kHz, ule mlio wa "tak". Kwenye ukumbi wenye kelele za watu, sikio linaifuata kiki kwa mlio huo, na mwili unaifuata kwa ule wa chini.

Besi na kiki ziweke mono, yaani katikati, chochote kilicho chini ya 120 Hz. Mafundi wengi wa muziki wa harusi huunganisha spika zote kwa chaneli moja. Besi iliyopanuliwa kushoto na kulia, pande zikichanganywa, hujifuta yenyewe. Hakuna spika za studio? Bonyeza kitufe cha mono kwenye FL na usikilize kwenye simu. Kama mstari wa besi hausikiki kabisa kwenye simu, uongezee chumvi kidogo kwa kuupasua (kuukwaruza makusudi) hadi upate sauti kati ya 150 na 300 Hz.

Besi ipishe kiki kwa saidicheni, yaani kiki iamuru sauti ya besi: ishuke desibeli 4 hadi 6 kila kiki inapogonga, irudi ndani ya milisekunde 200. Ukiiachia 500 haitarudi kabisa kabla ya pigo lingine, utapata besi iliyozimia.

Mchanga_wa_Mikindani

Asanteni sana. Kwa 112 sauti imetulia, na kinanda kilikuwa juu kwa senti 40, kimeingia. Kilichobaki: ndani ya sauti ya mwimbaji kuna gitaa linasikika kwa mbali, na nikibadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) kwenye ubeti linalalamika.

Fundi_Ligula

Litalalamika tu, mkuu. Gitaa hilo bado linapiga kodi za zamani. Chini ya sauti ya asili usibadili kodi. Unaweza kuzipunguza, ukabakiza besi na noti mbili, lakini usiweke kodi inayopingana na masalia. Kodi mpya ziweke kwenye sehemu zisizo na uimbaji.

Angalia pia faili ulilotenganisha. Wimbo uliokuja kwa WhatsApp au kukwapuliwa mtandaoni kwa ubora mdogo umeshapoteza sauti za juu, na programu ya kutenganisha inazihitaji hizo ili kumjua mwimbaji na gitaa. Tafuta WAV au FLAC (mafaili yasiyopunguzwa ubora), kisha utenganishe tena kwa programu ya Demucs, inatoa stemu (mafungu ya sauti) nne: sauti, ngoma, besi na vinginevyo. Rekodi nyingi za dansi za zamani ni mono, kwa hiyo ule ujanja wa kutoa upande mmoja ili katikati ife haufanyi kazi: kila kitu kiko katikati.

Masalia yaliyobaki usiyafukuze kwa kichujio kikali, utamfukuza na mwimbaji. Kata chini ya 120 Hz, kisha weka kayamba juu yake, mapigo kumi na sita kwa baa, laini. Sikio litayachukua masalia kuwa sehemu ya kayamba. Na snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) usiibamize kwenye pigo la 2 na la 4 kama muziki wa klabu za Ulaya. Tumba za dansi zina mwendo wake wa rumba, na snea kubwa inaukanyaga. Mlio wa ubavu wa ngoma unatosha.

Pwani_Kusini

Mimi naunga mkono kuimba upya, tena kwa sababu mbili. Utasikia kila neno, na kwenye ruhusa unabaki na mlango mmoja badala ya miwili.

Maana wimbo una haki mbili tofauti. Moja ni ya utunzi, yaani mashairi na melodi, ambayo ni ya mtunzi, na akifariki inakwenda kwa warithi wake. Nyingine ni ya rekodi yenyewe. Ukitumia sauti ya asili unahitaji zote mbili. Rekodi nyingi za bendi zetu za wakati ule zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, leo ni TBC, kwa hiyo kumwona mtunzi peke yake hakutoshi. Ukiimba upya, hugusi rekodi, unabaki na utunzi tu. Lakini kumbuka kuugeuza wimbo nako kunahitaji ruhusa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kutaja jina la bendi kwenye maelezo ya video ni heshima nzuri, ila siyo ruhusa.

Anzia COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Barua iandike jina la wimbo, mtunzi, bendi, umeupata wapi, unatumia rekodi au unaimba upya, na utautumia wapi: ukumbini, redioni, YouTube. Ruhusa ipatikane kwa maandishi kabla ya kupakia, kwa kuwa YouTube hutambua rekodi hata ikiwa imebadilishwa kasi kidogo, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye haki au video ikaondolewa.

Yupo atakayetaja Tom's Diner ya Suzanne Vega. Ni kweli, DNA, watengeneza muziki wa Uingereza, walichukua sauti yake bila ruhusa, na mwaka 1990 kampuni yake ikaitoa rasmi. Lakini hilo lilitegemea hiari ya wenye wimbo. Na kiufundi walikuwa na kitu ambacho wewe huna: kwenye albamu ya 1987 dada yule anaimba peke yake, bila chombo hata kimoja. Hakukuwa na gitaa la kuvuja.

Ukimpata mwimbaji, mpe kii yake kwanza. D ya mwimbaji mwanamume ikiwa juu sana kwa dada, shusha au pandisha mpaka noti ya juu kabisa aimbe bila kupiga kelele, ndipo utengeneze besi. Watu hufanya kinyume, wanamaliza biti halafu mwimbaji anakabwa.

Dj_Chikongola

Toleo la pili lipo bure kabisa hapo, msiliache. 104 mara mbili ni 208, na singeli inaanzia kwenye 200 na kuendelea. Sauti ya beti iache 104 ilivyo, bila kuikimbiza hata asilimia moja, ngoma ziende 208. Kwa sherehe za vijana, hilo litashinda la 112.

Kwa toleo lolote, acha baa 16 za ngoma tupu mwanzoni na 16 mwishoni. Kwa 112 ni sekunde 34, zinatosha kuchanganya na wimbo mwingine. Ukianza na sauti moja kwa moja, DJ hana pa kuingilia na wimbo wako utakatwa katikati.

Kilele cha sauti kiishie desibeli 1 chini ya sifuri. Ukimtumia DJ kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, WAV au MP3 ya 320, na jina la faili liwe na BPM (mapigo kwa dakika) na kii: 112 D.

Mchanga_wa_Mikindani

Nimewaelewa wakuu. Nakwenda na kuimba upya kwa 112, gitaa la chemko lipigwe upya na mpiga solo, na toleo la 208 nalifuatisha. Barua ya COSOTA naandika wiki hii, kabla sijamwita mwimbaji.

Fundi_Ligula

Mpiga solo akija, mrekodi kwa tiuni ya 440 sasa, zile senti 40 huzihitaji tena. Na kinanda ukirudishe.