Askari wa majaribio ya nyuklia ya Uingereza: fidia isubiri utafiti?

Mwanamtaa: Wakuu, kati ya 1952 na 1958 Uingereza ililipua mabomu ya nyuklia Australia na visiwa vya Pasifiki, Christmas Island kikiwemo. Utafiti ulioagizwa na serikali umefuatilia askari takriban 21,000 waliokuwepo na wengine 22,000 waliotumikia kwingine kwenye joto. Walipwe sasa, au mpaka ithibitike kwamba mionzi iliwadhuru?

Mizani: Ripoti ilitoka 1988 na imerudiwa mara kadhaa. Vifo kwa jumla vinakaribiana. Kuna dalili tu ya saratani ya damu kuzidi. Tusidanganyane, wengine wanatafuta hela.

Bint Seif: Hiyo ya hela ifute! Wengi hawakupewa hata beji ya kupimia mionzi. Asiyepimwa ataonyesha nini?

Fundi Mionzi: Hata mwenye beji. Ni kipande cha filamu kifuani; ikioshwa, weusi wake ndio kipimo cha gama, mionzi inayopenya mwili. Vumbi la plutonia, metali ya kwenye bomu, ulilolivuta halionekani pale, maana mionzi yake, alfa, haipenyi hata karatasi. Hilo hupimwa kwa mkojo wa saa 24.

Mizani: Dada, nimesema "wengine". Beji nakubali, ila kulinganisha makundi mawili hakuhitaji beji ya kila mtu.

Fundi Mionzi: Kunahitaji, kaka! Waliokanyaga vumbi ukiwachanganya na wapishi na makarani waliokaa mbali, ongezeko lao linamezwa na wastani. Watafiti wa Marekani walichukua jaribio lao moja tu, Smoky, Nevada 1957, watu 3,224: saratani ya damu 9, zilitarajiwa 3.5.

Mizani: Smoky ilichunguzwa baada ya mgonjwa kujitokeza. Ukianzia kwenye ugonjwa, hesabu inakuwa imeshaegemea upande mmoja.

Bint Seif: Basi pima damu, maana mionzi huvunja kromosomu, nyuzi za urithi ndani ya seli. New Zealand 2007 walichukua mabaharia 50 wa majaribio hayo na wengine 50, wakapaka kromosomu rangi wahesabu vipande vilivyohamia kromosomu nyingine. Waliokuwepo: 29 kwa seli 1,000. Wenzao: 10.

Mizani: Umri na sigara navyo huhamisha vipande. Eksirei pia.

Fundi Mionzi: Kweli, ndiyo maana mtu huulizwa hayo kabla ya kutolewa damu. Ila karibu mara tatu kwa sigara? Na vipande hivyo hudumu miaka mingi. Kromosomu zenye vitovu viwili (mbili zilizovunjika zikaungana), alama nyingine ya mionzi, ndizo hupotea, seli hufa nazo. Anayetafuta hizo leo asishangae kukuta chache.

Bint Seif: Mizani, kauli ya hela bado hujaifuta.