Aliyebatizwa utotoni akija kanisa la Kibaptisti, ni lazima azamishwe?

Mwanzisha mada: Kuna mama anaabudu nasi mwaka wa tatu sasa. Anafundisha watoto, anatembelea wagonjwa, na wokovu wake hakuna anayeutilia shaka. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara. Anaomba ushirika kamili, yaani ahesabiwe mshirika wa kanisa, ila maji mengi hataki. Anasema akizamishwa atakuwa amekiri kwamba ubatizo wa kwanza ulikuwa bure. Tumpokee hivyo hivyo?

Shemasi: Hapana. Matendo ya Mitume 2:41, waliolipokea neno ndio waliobatizwa. Mtoto mchanga amepokea neno gani? Na Warumi 6 inasema tulizikwa pamoja naye. Maiti hairushiwi vumbi kidogo usoni mkasema imezikwa. Yule mama hajabatizwa, alinawishwa uso.

Binti wa Mwinjilisti: Alinawishwa uso? Baba yangu alinibeba mbele ya kanisa akaahidi kunilea katika Kristo, na ahadi hiyo aliitunza mpaka anakata roho. Mimi nimezamishwa nikiwa na miaka 27, kwa hiari yangu, wala sijuti. Lakini sala ya baba yangu usiiite kunawa. Futa hilo neno.

Shemasi: Sijamgusa baba yako, dada. Malezi ni malezi, ubatizo ni ubatizo. Felix Manz alitoswa mtoni Zurich mwaka 1527 kwa ajili ya jambo hili hili. Wabaptisti wa kwanza walikufa wakitetea kuzamishwa, leo sisi tulegeze?

Msoma Historia: Shemasi, Manz alikuwa Anabaptisti, kundi jingine lililokataa ubatizo wa watoto wachanga, na alichofia ni ubatizo wa anayeamini, si wingi wa maji. Ukitaka Wabaptisti wenyewe, nenda Amsterdam 1609. John Smyth alijibatiza kwa kujimiminia maji, kisha akawabatiza wenzake vivyo hivyo. Kwa kipimo chako, hao nao walinawa uso.

Shemasi: Huo ni uzushi. Ungamo la imani la Wabaptisti wa London linasema mwili wote uzamishwe.

Msoma Historia: Linasema, na ni la 1644. Miaka 35 baadaye.

Kijana wa Kwaya: Ngoja kwanza. Mtu anajibatizaje mwenyewe? Hata Bwana Yesu alimwendea Yohana!

Msoma Historia: Aliona hakuna kanisa la kweli la kumbatiza. Baadaye alijuta, akaomba kupokelewa na Wamenno, tawi la Waanabaptisti. Mwenzake Thomas Helwys alikataa kumfuata huko, akarudi Uingereza, akafa kifungoni kwa kutetea uhuru wa dhamiri.

Shemasi: Kama mwenyewe alijuta, kwa nini unamleta awe mfano?

Msoma Historia: Basi chukua John Bunyan, mhubiri wa Uingereza, miaka 12 gerezani kwa kuhubiri. Mwaka 1673 aliandika kwamba tofauti juu ya maji isiwatenge watakatifu. William Kiffin, Mbaptisti mwenzake, alimpinga vikali. Mabishano haya hatukuyaanza sisi.

Mshirika wa Siku Nyingi: Mnazunguka kwenye makaburi ya watu wa Ulaya na anayetakiwa kuamua hamjamtaja. Kwetu ombi kama hilo lilimalizwa ofisini na mchungaji. Tulisikia matangazo tu. Tunahubiri ukuhani wa waumini wote, kwamba kila muumini ni kuhani mbele za Mungu, halafu mlango wa ushirika una ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu mmoja! Huyo mama asimulie wokovu wake mbele ya mkutano wa washirika, kanisa liombe, liamue.

Mchungaji Kijana: Mzee wangu, usitufunge sote kitanzi kimoja. Mimi ombi kama hilo nililipeleka kwenye mkutano. Mama alisimama akilia, watu wakaanza kumhoji kama mshitakiwa, na hakurudi tena. Wakati mwingine ofisini ni huruma.

Mshirika wa Siku Nyingi: Kama washirika hawajui kuuliza kwa upendo, wafundishe. Usiwanyang'anye mkutano.

Mwanzisha mada: Wapendwa, jana ameniuliza kama Jumapili aendelee na darasa la watoto. Nimjibu nini?

Shemasi: Darasa aendelee, sina neno. Ushirika ndio asubiri.

Binti wa Mwinjilisti: Yaani anatosha kuwafundisha wanenu Injili, hatoshi kuhesabiwa pamoja nanyi. Na lile neno bado hujalifuta.